Shati Lililofukizwa Udi

Mansukhlal alikuwa na pua mbili za kuziogopa. Ya kwanza ilikuwa ya mama yake, nayo ilikuwa pale pale nyumbani, mtaa wa Kisutu, ghorofani juu ya duka la nguo la baba yake. Ya pili ilikuwa ya mama mkwe mtarajiwa wa dada yake Shanta. Hiyo ilikuwa bado Tanga, lakini ilisemekana ingefika Dar es Salaam masika yakiisha, kuja kuitazama nyumba kabla ya kuithibitisha posa.

Na pua zile hazikuwa za mchezo. Nyumba ya Kanubhai, baba yake Mansukhlal, ilikuwa nyumba ya Kihindu ya zile zisizojua nyama, wala samaki, wala yai. Jikoni kwa mkewe Jayaben hakiingii kiatu, na haingii mtu aliyetoka njiani bila kuoga. Watu wa Tanga, kwa maneno ya mshenga wao Hasmukh, walikuwa wakali zaidi. Waliwahi kuvunja posa nyingine kwa sababu kaka wa binti alionekana hotelini akitafuna paja la kuku.

Sasa kijana wa nyumba hiyo alikwenda kuajiriwa wapi? Kwenye kupasua samaki. Mtu akiitafuta aibu, haimkosi.

Tumtendee haki lakini. Yeye alitafuta kazi ya kuchora. Tangu shuleni mkono wake ulikuwa mwepesi, na mwaka ule wa hamsini na tano aliposikia kwamba Mzungu mmoja, Dokta Loman, anataka mchoraji kwenye chumba chake cha utafiti pale Kivukoni, alikimbilia. Nyumbani alisema anachora ramani za bahari. Haukuwa uongo mtupu, maana bahari ilikuwamo.

Dokta Loman alitaka kujua mambo mawili: changu huzaa miezi gani, na huishi miaka mingapi kabla ya kuzaa. Wavuvi walilalamika kwamba changu wanapungua, na yeye aliamini kwamba ukijua samaki anazaa lini, utajua lini umwache apumzike. Kila asubuhi Hamis, mpasuaji wa chumba kile, alikwenda mnadani Feri akarudi na changu. Wakapimwa, wakapasuliwa matumbo, mayai yakatazamwa, kisha vichwa vikavunjwa ili kutoa vijiwe viwili vilivyojificha nyuma ya macho, kila kimoja kama punje ya kunde. Kijiwe kile kikisuguliwa hadi kiwe chembamba na kuwekwa chini ya darubini, mistari yake huonekana, mmoja ndani ya mwingine, kama iliyomo kwenye gogo lililokatwa. Kwa mistari hiyo samaki husema umri wake.

Siku Mansukhlal alipoiona mistari ile kwa mara ya kwanza, alisahau kwenda kula. Aliichora hadi mkono ukakakamaa. Alijisikia kama mtu aliyefunguliwa chumba ambacho hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuingia, na kweli hakuna aliyewahi. Lakini Dokta alikuwa na kanuni yake: asiyeshika hawezi kuchora. Baada ya wiki chache mchoraji akapewa kisu. Siku ya kwanza alitapika nyuma ya jengo, Hamis akamshika shingo hadi alipomaliza, ndipo akacheka. "Pole, Bwana Ramani," akamwambia. Jina likashika.

Mkono unazoea. Harufu je? Samaki si mgeni wa kumwambia angoje nje. Jioni ile ile Jayaben alimsimamisha mwanawe kwenye kizingiti cha jikoni.

"Umepita wapi?"

"Feri, Ba," alijibu, maana Ba ndivyo alivyomwita mama yake. "Njia yenyewe ndiyo hiyo."

 Jayaben alinyunyizia maji ya kutakasa pale mwanawe aliposimama, akamwekea chakula ukumbini. Mansukhlal alikula huku masikio yanamwaka moto.

Kesho yake Hamis alimwambia, "Twende kwetu ukaoge. Kwetu kuna ndimu."

Kwao Hamis kulikuwa Kariakoo, mtaa wa Mchikichi, nyumba ya dada yake Siwema. Siwema alikuwa mjane, mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuamrisha na kicheko cha kusamehe. Mume hakuwa naye, mtoto hakujaaliwa, shamba hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni jina. Alikuwa somo, mwanamke anayekabidhiwa mabinti waliovunja ungo ili awafunde mambo ya utu uzima na ya ndoa. Kariakoo haikukosa masomo wengine, lakini mama aliyempenda binti yake alimpeleka kwa Siwema, kwa sababu Siwema hakuwa na doa, na mama hamkabidhi mwanawe kwa mwanamke mwenye doa. Jina lile ndilo lililomlisha, na ndilo lililomfanya aamkiwe na mtaa mzima.

Alimwangalia kijana wa Kihindi aliyesimama uani mwake ananuka changu, akaangua kicheko.

"Mpe sabuni huyo, Hamis. Na majivu. Ndimu ziko kikapuni. Shati alivue nilifue, atavaa lako."

"Bi Siwema," Mansukhlal alisema, "naomba neno hili lisitoke hapa. Kwetu wakijua, dada yangu haolewi."

"Mwanangu, mimi somo. Ningekuwa na mdomo, nusu ya ndoa za mtaa huu zingekuwa zimevunjika. Siri ya mtu ni amana. Nenda kaoge."

Ikawa desturi. Kila siku alikuja na Hamis kweupe, mlango wa uani wazi, akajisugua kwa ndimu kuchani na viwikoni, akavaa shati safi la jana, akaacha la leo lifuliwe. Akaondoka kabla Hamis hajamaliza chai yake. Majirani walimwona na hawakujali. Jirani mmoja aitwaye Mgeni, mama wa nyumba ya ng'ambo ya njia, alikuwa hata akimtania: "Mansuku, na leo umepotea njia?" Naye akacheka, akakata Mnazi Mmoja kurudi Uhindini, ananukia sabuni na ndimu, kijana asiye na kosa duniani.

Masika yakaingia. Nguo hazikauki. Shati lililofuliwa jana linaanikwa chini ya paa, na asubuhi bado lina ubichi, na shati bichi halirudishi nyuma harufu ya samaki, huiita. Siwema alilinusa akakunja uso. Na hapa ndipo mwalimu wa wanawali alipofanya kosa ambalo angemfinya mwari wake kwa kulifanya. Alitia makaa kwenye chetezo, akadondosha udi, akafunika kwa tenga, akalitandaza shati la Mansukhlal juu yake mpaka likakauka na kunukia.

Siwema, jamani! Yeye aliyewaambia mabinti kila mwaka kwamba shati la mume hufukizwa udi ili kila anayepishana naye ajue kwamba ana mwenyewe. Yeye aliyesema udi hauna mdomo lakini njia nzima inausikia. Ilikuwaje akasahau? Ni kwa sababu hakumwona mwanamume. Alimwona mtoto wa watu mwenye shati bichi. Moyo mweupe nao una upofu wake.

Basi Mansukhlal akakata Mnazi Mmoja ananukia kama bwana harusi wa siku saba. Wanawake waligeuka. Yeye alidhani wanatazama doa la wino lililomdondokea kwenye kola. Nyumbani mama yake alivuta pumzi mara moja, akainamisha macho, akamwachia njia. Kijana akafurahi. Alisema moyoni, hatimaye nimeipata dawa. Akamwomba Siwema afanye vivyo hivyo kila siku.

Mchana mmoja, duka limefungwa kwa chakula, Kanubhai alimwita mwanawe ndani, katikati ya majora ya marikani na doti za khanga. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye tabia ya kuzikunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa. Sasa alikuwa anakunja khanga moja kwa mara ya tatu.

"Mama yako hali," alisema kwa Kigujarati, sauti ya chini. "Tangu juzi anakunywa maziwa tu. Unajua kwa nini?"

"Hapana, Bapuji."

Kanubhai aliweka kitu mezani. Kilikuwa gamba la samaki, kavu, limekunjamana kidogo, linang'aa. "Lilikuwa kwenye mfuko wa shati lako. Mama yako anasema unakula samaki. Amelia. Anasema amezaa mtu wa kumvunjia jiko."

 Mansukhlal alifungua kinywa aseme. Alikuwa tayari, tuseme kweli, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini baba yake aliinua mkono.

"Nikamwambia, Jaya, tulia. Na udi je? Mtu hali samaki akanukia udi. Huyu ana mwanamke Kariakoo. Na wale wanakula samaki, basi gamba limenasia huko. Nilimwambia ni ujana. Mwanamke huachwa, mambo yakaisha. Hata Hasmukh akisikia, hata watu wa Tanga wakisikia, watakohoa tu na kugeukia upande mwingine. Lakini samaki..." Akaacha kukunja. Alimtazama mwanawe kwa macho ya mtu anayeomba. "Ni mwanamke, sivyo?"

Alikuwa anampa uongo mkononi, umekunjwa vizuri, kama anavyompa mteja nguo. Mansukhlal aliliwaza jiko la mama yake. Alimuwaza Shanta, ambaye alishaanza kudarizi foronya. Jina la Siwema halikumjia hata kidogo, na hilo ndilo lililokuja kumuumiza kuliko yote.

"Ndiyo, Bapuji," akasema.

Kanubhai alishusha pumzi, akafuta jasho. Na kwa kuwa alikuwa mtu muungwana, aliamua kulimaliza jambo kiungwana. Angekuwa mtu mbaya angempiga mwanawe na kunyamaza, na mambo yasingeharibika kiasi kile. Yeye alichagua doti nzuri kuliko zote dukani, akaifunga kwenye karatasi, akavaa koti. "Mwanamke haachwi kama mbwa," alisema. "Twende ukanionyeshe nyumba."

"Leo, Bapuji?"

"Leo."

Walifika Mchikichi saa ya alasiri, mvua imepumzika. Na siku zina ukorofi wake. Siku ile ndiyo Mgeni aliyoichagua kumleta binti yake Sitara kukabidhiwa kwa somo. Wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa barazani, Sitara katikati amefunikwa khanga, sahani ya halua imekwisha kupita. Hamis alikuwa bado kazini. Kanubhai alivua kofia yake, akasalimu. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyekuzwa nacho.

"Mwenye nyumba ni nani, tafadhali?"

"Ni mimi, baba. Karibu." Siwema alimwona Mansukhlal nyuma yake, akatabasamu. "Ah, ndiye mzee wetu! Karibu, karibu kiti."

"Sitakaa, bibi. Mimi ni mtu wa dukani, sijui maneno mengi. Kijana wangu amekuzoea. Sikulaumu, wala sikutukani. Lakini nina binti wa kuozwa, na watu wanakuja. Pokea doti hii, muachane kwa wema."

 Mtu mmoja aliguna, na mwingine akamkanyaga mguu anyamaze. Siwema aliitazama karatasi ile mikononi mwa mzee. Tabasamu lilimtoka polepole, kama mtu anayesahau alichokuwa anakitabasamia. Ndipo, nadhani, alipoukumbuka udi wake. Macho yake yalikwenda kwenye chetezo kilichokuwa uani, yakarudi kwa Mansukhlal.

Ilikuwa aseme neno moja tu: samaki. Kikapu cha ndimu kilikuwa pale pale kando ya mlango. Lakini alikwisha sema siri ya mtu ni amana, na mbele yake alikuwa amekaa binti aliyekuja kujifunza kwake maana ya neno hilo.

"Mansuku," alisema, "baba yako amesema. Mjibu wewe unakuja hapa kufanya nini."

Watu wote wakamgeukia. Mansukhlal alitazama chini. Aliziona kucha zake, safi, zilizosuguliwa kwa ndimu za mwanamke huyu. Alitaka kusema. Ulimi ulikuwa mzima, pumzi ilikuwapo, hakuna aliyemziba mdomo.

"Twende, Bapuji," akasema.

Siwema alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepata jibu. Alimrudishia Kanubhai doti yake kwa mikono miwili. "Mpelekee binti yako, baba. Mwambie Mungu amjaalie." Sauti yake haikutetemeka. Ila alipogeuka, Mgeni alikuwa amekwisha simama, amemshika Sitara mkono.

"Mgeni," Siwema akasema.

"Tutakuja siku nyingine, somo," Mgeni alijibu bila kumtazama, na kila aliyekuwapo alijua kwamba hakuna siku nyingine.

Njiani Kanubhai alimpigapiga mwanawe begani. Alisema yule ni mwanamke mwenye heshima zake, hata doti hakuipokea. Mansukhlal alitamani ardhi ya Mnazi Mmoja ipasuke. Haikupasuka.

Kazini Hamis hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Waliendelea kukaa kwenye meza moja, mmoja anapasua, mwingine anachora, na Hamis akasukuma samaki mbele yake kwa ncha ya kisu. "Huyu hapa, Bwana Mansukhlal," alisema. Bwana Ramani alikwisha kufa. Mansukhlal sasa alikuwa anaoga kwa maji ya chumvi na mchanga nyuma ya jengo. Nyumbani Ba alimpakulia ukumbini, akageuza uso, na hakumuuliza kitu tena.

Mistari ya vijiwe ilianza kumchukiza. Aliitazama akaona kila kilichotokea kwa samaki kimeandikwa humo, mwaka wa neema na mwaka wa shida, hakuna kilichofutika. Alifikiri angepasuliwa yeye kichwa, Dokta angeuona mstari wa alasiri ile bila hata darubini.

Masika yalipokatika alishindwa kujizuia. "Dada hajambo?" aliuliza.

Hamis aliendelea kufuta kisu. "Hajambo. Anakaa barazani peke yake anasuka ukili. Tangu mlipokuja hajabisha hodi mama hata mmoja. Sitara amepelekwa kwa somo wa mtaa wa Gerezani. Nimemwambia nitasema mimi, kazi yako ni hii na hii. Amenikataza. Anasema siri si yangu." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na mwenye siri anakula chapati zake Uhindini."

"Nitasema, Hamis. Leo."

"Sema. Miguu si unayo?"

Alikwenda. Alikwenda moja kwa moja kutoka kazini, bila kuoga, mkoba wake wa kazi begani. Siwema alikuwa barazani na ukili wake, na ng'ambo ya njia Mgeni na wenzake walikuwa wanachagua mchele. Mansukhlal alisimama katikati ya njia, akasema kwa sauti ya kupasuka kwamba alichosema baba yake hakikuwa kweli, kwamba Bi Siwema hana kosa, kwamba yeye ni mpasua samaki na alikuwa anakuja pale kuoga.

 Kisha wakacheka. Walicheka mpaka mchele ukamwagika.

"Banyani apasue samaki!" Mgeni alisema akijifuta machozi. "Na paka wangu anafunga Ramadhani! Mansuku, uongo nao una adabu yake. Kama umekuja kumsafisha bibi yako, ungetafuta uongo unaofanana na wewe."

Hapo ndipo kijana alipoelewa ubaya wa alichofanya. Ile desturi ya kwao, aliyojificha nyuma yake, ndiyo iliyoufanya ukweli wake uwe kichekesho. Dar es Salaam nzima ilijua kwamba watu wa namna yake hawagusi samaki. Alimtazama Siwema. Siwema alikuwa ameinama kwenye ukili, lakini vidole havikuwa vinasuka.

Mansukhlal aligeuka akaenda sokoni. Soko la Kariakoo halikuwa mbali, na saa ile limejaa. Alipita kwenye mboga, akapita kwenye nazi, akaingia kwenye samaki, akachagua changu mkubwa, akamshika mashavuni kwa vidole bila karatasi wala jani. Alipogeuka akakutana uso kwa uso na Hasmukh, mshenga wa watu wa Tanga, aliyekuja kununua bamia. Bamia zilimwanguka Hasmukh. Mansukhlal alifungua kinywa, tena ilikuwa rahisi sana kusema anamnunulia mtu. Alimwamkia tu, akapita.

Alirudi Mchikichi na samaki wake, na nyuma yake msafara wa watu wasio na kazi. Alichuchumaa mbele ya baraza ya Siwema, akatoa kisu mkobani, akamlaza changu juu ya ubao wa kufulia. Hakusema neno. Kisu kiliingia kwenye tundu la nyuma kikapanda mpaka kooni kwa mkono mmoja, matumbo yakatoka mazima, hakuna kilichopasuka. Akayainua mayai, mifuko miwili ya manjano.

"Jike," alisema. "Alikuwa amebakiza siku chache atage."

Akageuza kichwa, akakipasua nyuma ya macho, akaingiza ncha ya kisu, akatoa kijiwe cheupe. Akakifuta kwenye suruali, akavuka njia, akakiweka kwenye kiganja cha Mgeni.

"Hiki ndicho ninachochora, Mama Sitara. Ninafanya hivi tangu mwaka jana. Kwetu ni haramu, nikaficha. Bi Siwema alinifulia shati lisinuke, na Hamis alikuwapo kila siku. Baba yangu alipomtukana, nilinyamaza ili nisiaibike mimi. Basi."

Mgeni hakucheka. Alikitazama kijiwe, akaitazama ile mikono yenye damu na magamba hadi viwikoni. Yeye alikuwa mtoto wa wavuvi. Alijua mkono uliojifunza jana na mkono uliozoea.

"Mikono hii imepasua samaki wengi," alisema polepole. Kisha akamgeukia jirani yake ng'ambo ya njia, na uso wake ukaingia giza la haya. "Siwema. Mbona ulinyamaza, mwenzangu?"

"Na wewe mbona hukuuliza?" Siwema akajibu.

 Sitara alikwisha chezwa unyago na somo wa Gerezani, na binti hafundwi mara mbili.

Watu walianza kutawanyika. Mansukhlal alibaki amesimama, mikono ameinyoosha mbele ili isiguse nguo. Alitazama kikapu kando ya mlango. Kilikuwa kimejaa ndimu, kijani na manjano, mpaka mdomoni.

"Bi Siwema, nisamehe. Naomba ndimu ninawe."

Siwema alifuata macho yake hadi kwenye kikapu. Alikitazama kwa muda, kisha akamtazama yeye.

"Ndimu zimekwisha," alisema.

"Bi Siwema..."

"Nimekusamehe, mwanangu, tangu siku ile. Lakini jina si shati, kwamba utalifua likarudi. Leo nenda kwenu hivyo hivyo."

Akaenda hivyo hivyo. Alikata Mnazi Mmoja ananuka, watu wakimpisha njia, na safari hii alijua kwa nini wanageuka. Aibu ilimwaka kuanzia shingoni hadi nyayoni, lakini ilikuwa yake mwenyewe, hakuwa amemvika mtu mwingine.

Dukani Hasmukh alikuwa amekwisha fika. Alikuwa ameketi bila bamia, bila chai, anajipepea. "Niwaambie nini watu wa Tanga, Kanubhai?" alikuwa anasema. "Niambie wewe, niwaambie nini?"

Kanubhai alimwona mwanawe mlangoni, akamkimbilia, akamvuta kando.  "Pitia nyuma," alinong'ona. "Oga kwanza. Mama yako hajajua. Tutasema ulimshikia mtu. Tutasema lolote."

"Hapana, Bapuji," Mansukhlal alisema, akapanda ngazi za mbele.

Jikoni Shanta alikuwa anasukuma chapati. Alimwona kaka yake, akaiona mikono, akaelewa. Alimtazama mara moja tu, macho yamejaa, akarudi kusukuma kwa nguvu ambayo chapati haikuihitaji. Jayaben alikuja kizingitini. Alivuta pumzi.

"Leo hakuna udi," alisema.

"Hakuna, Ba. Ninapasua samaki. Sili, lakini napasua, ndiyo kazi yangu. Hakukuwa na mwanamke."

"Na yule wa Kariakoo?"

"Ni mjane. Alikuwa ananifulia shati ili wewe usisikie harufu."

Jayaben hakunyunyiza maji. Alisimama pale pale mpaka chapati ya Shanta ikaanza kuungua kwenye tawa na hakuna aliyeigeuza. Kisha akavuta ncha ya sari yake, akajifunika uso, si pua.

"Na sisi tukampelekea khanga za kumfukuzia," akasema.